Beni Ilipovuka Maji

Abiria wa matatu anayetoka Mombasa kisiwani kwenda Bamburi, akishavuka daraja la Nyali, hachelewi kusikia kondakta akiita Kengeleni. Kengele yenyewe ipo bado, kwenye mnara wake mdogo kando ya barabara, na wageni husimuliwa habari zake: kwamba iliwaita watu kanisani, na kwamba iligongwa pia kuwatahadharisha wakazi pale majahazi ya wauza watumwa yalipoonekana. Hapo ndipo Frere Town. Masimulizi ya kengele yanajulikana. Ya tarumbeta hayajulikani sana, ingawa tarumbeta ndizo zilizouchangamsha mji wa Mombasa na kuugawa makundi kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Leo watu wakitoka kwenye tamasha la muziki hubishana hadi alfajiri. Bendi ilianza vizuri ikaharibu katikati. Wimbo uliongojwa haukupigwa. Aliyeamua kufungia onyesho kwa wimbo ule wa polepole hajui kazi. Wazee husikia mabishano hayo wakadhani ni mambo ya vijana na magitaa ya umeme. Lakini babu zao walibishana vivyo hivyo, mahali hapo hapo, wakiwa na hoja kali zaidi na, mara nyingine, bakora mkononi.

Habari inaanzia kwenye mkataba. Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kumshawishi Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Frere aliondoka mikono mitupu. Ni baada ya balozi John Kirk kupewa amri ya kutishia kuzingira kisiwa kwa manowari ndipo Sultani alipotia saini, tarehe 5 Juni 1873. Manowari za Kiingereza zikazidi kukamata majahazi, na swali likawa: watu wanaotolewa humo wapelekwe wapi? Chama cha misheni cha Church Missionary Society kilikuwa kimeijua Mombasa tangu Ludwig Krapf alipofika mwaka 1844. Kikamtuma William Salter Price, ambaye alikuwa ameongoza makao ya Waafrika waliokombolewa huko Nasik, India. Price alifika Novemba 1874, na mwaka uliofuata ardhi ikanunuliwa Kisauni, ng'ambo ya mkono wa bahari, ikikitazama kisiwa. Makazi yakapewa jina la Frere.

Waliokaa hapo hawakuwa kabila moja wala lugha moja. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine waliotekwa bara, mbali kabisa na bahari. Waliwakuta wenzao waliotangulia, wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliolelewa India na kujifunza useremala, uhunzi, kusoma na kuimba tenzi za kanisani. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Mwingine, Matthew Wellington, aliyekuwa katika msafara ulioubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani, aliishi Mombasa hadi mwaka 1935. Watu wa mjini waliwaita wote kwa jina moja: Wamisheni.

Isidhaniwe kuwa ilikuwa pepo. Msimamizi mmoja, J. R. Streeter, aliendesha makazi kwa viboko hadi malalamiko yakafika London, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikabidi aondoke. Wenye watumwa wa Mombasa nao walikasirika kwa sababu watoro walikuwa wakikimbilia misheni, Frere Town na Rabai, na kuna wakati watu wa mjini walitishia kuyashambulia makazi. Kati ya Kisauni na kisiwa maji ni machache, lakini watu wa pande mbili waliangaliana kwa jicho la shaka.

Muziki ulivuka.

Misheni ilitaka nidhamu, na bendi ya tarumbeta na ngoma ilikuwa njia mojawapo ya kuwafundisha vijana kwenda kwa hatua, kusikiliza amri na kuvaa kwa unadhifu. Ilifaa pia kupokea wageni wakubwa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, anaihesabu bendi ya Frere Town miongoni mwa chemchemi za ngoma hiyo iliyozuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Chemchemi nyingine zilikuwapo: bendi ya Sultani huko Unguja, ambamo Wagoa walipiga ala za Kizungu, na bendi za manowari na za askari zilizopita bandarini. Lakini bendi ya Sultani ilikuwa ya Sultani, na ya manowari iliondoka na manowari. Ya Frere Town ilikuwa ya watu weusi waishio jirani, ambao jana tu walihesabiwa kuwa mali, na sasa walipuliza shaba inayong'aa wakiwa wamesimama mstari mmoja. Kijana wa mtaa wa Kibokoni, kisiwani, aliyewatazama alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kuwadharau au kuwashinda. Alichagua kuwashinda, na alipokwisha kupata tarumbeta zake akageuka kushindana na kijana wa mtaa wa pili.

Mombasa haikufundishwa kushindana na misheni. Mji ulikuwa umegawanyika tangu zamani katika makundi mawili makubwa, Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Hilo la pili ni muungano wa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Ndani ya mji mtaa ulitazamana na mtaa. Ushairi ulikuwa uwanja wa vita. Muyaka bin Haji, mshairi wa zama za utawala wa Mazrui aliyefariki mwaka 1840, aliwatupia maneno watu wa Lamu na Unguja, naye akajibiwa. Beti zake zilikaa vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kumfafanulia W. E. Taylor, ambaye naye alikuwa mmisionari wa chama kile kile kilichoanzisha Frere Town. Ni jambo la kufurahisha kidogo kwamba misheni moja ilihifadhi silaha ya zamani ya mashindano kwa mkono mmoja na kuwapa watu silaha mpya kwa mkono wa pili, na kwamba haikukusudia lolote kati ya hayo mawili.

Beni ilipokomaa, vyama vikubwa vya Mombasa vilikuwa na majina kama Kingi, Skochi na Setla. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, jenerali wake, makapteni na masajini, na wanawake wenye vyeo vyao. Skochi walivaa kwa kuwaiga askari wa Uskochi. Sare zilishonwa, nishani zikatundikwa, panga za mbao zikapakwa rangi ya fedha. Mifano ya manowari iliundwa na kupitishwa barabarani. Asiyejua angeweza kudhani ni watu wanaomwiga Mzungu kwa sababu ya kumhusudu, na maofisa wengi walidhani hivyo. Mtazamaji wa mjini aliona kingine: paredi ilikuwa vazi la nje, na ndani yake mlikuwa na mambo yale yale ya Muyaka, vijembe, mafumbo, na hesabu za nani alimwalika nani na nani alichinja ng'ombe wangapi.

Gharama zilikuwa kubwa. Chama kimoja kikifanya karamu leo, chama cha pili hakikulala mpaka kimefanya karamu kubwa kuliko hiyo. Watu walikopa, vito vikawekwa rehani. Serikali ililalamika kwamba wananchi wanafilisika kwa ajili ya ngoma, na masheikh wakalalamika kwamba wanafilisika kwa jambo la haramu. Kwa mara moja, ofisi na msikiti vilikubaliana, na bado havikufua dafu.

Kiini cha beni kilikuwa baada ya beni. Hapakuwa na hakimu aliyekaa mezani na kalamu. Tarumbeta zikinyamaza, kesi ilihamia vibarazani, sokoni na kwenye mashua za kuvukia Kisauni, na huko ndiko hukumu ilikotolewa, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Je, mavazi ya Skochi yalikuwa mapya au ya mwaka jana? Hatua zilienda sawa? Mtunzi wa Kingi alijibu fumbo la watu, au alilikwepa? Hapo ndipo wimbo wa kufungia ulipokuwa na uzito kuliko nyimbo zote. Katika sanaa ya kujibizana anayesema mwisho humwachia mwenzake mzigo. Wimbo wa mwanzo una nafasi ya kujibiwa uwanjani pale pale, lakini wa mwisho watu huondoka nao nyumbani, wakauimba wakifua na wakitwanga, na aliyetukanwa hana la kufanya ila kungoja mkutano mwingine. Chama kilichofungia kwa wimbo dhaifu kilikuwa kimeshindwa hata kama kilipiga vizuri tangu alasiri. Shabiki wa leo anayelalamikia bendi yake kwa kumaliza vibaya anarudia sheria hiyo bila kuijua.

Vita Kuu ya kwanza iliichukua beni mbali. Askari na wapagazi waliipeleka kila kambi, na vikatawala vyama viwili vilivyoenea Tanganyika nzima, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini, wenye ustaarabu wa pwani. Arinoti wakajulikana kwa ukali na kwa watu wa bara. Maofisa wa Kiingereza wakaingiwa na hofu. Mtandao wa Waafrika wenye vyeo vya kijeshi, wanaoandikiana barua kutoka mji hadi mji na kuwapokea wageni wao kila waendako, ulifanana mno na jeshi la siri. Baada ya vita uchunguzi ukafanywa, na wachunguzi wakaona kwamba watu hao walikuwa wakishughulika zaidi kushindana wao kwa wao. Kutoka hapo beni ilizaa watoto wengi: mganda na malipenga kando ya Ziwa Nyasa, na kalela katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu kidogo mwaka 1956.

Wanawake wa Mombasa walikuwa na ulingo wao, lelemama, na kwa ukali wa ushindani hawakuwapisha waume zao. Margaret Strobel, aliyeandika historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa, anaeleza jinsi vyama vya lelemama vilivyopingana kwa nyimbo, mavazi na karamu. Viwili vilivyovuma ni Banu Saada na Ibinaal Watan. Wachezaji walikaa mistari, wakitikisa mikono polepole, sura zimetulia kama hawasemi lolote. Maneno ndiyo yaliyochoma. Jina la mtu halikutajwa, lakini mji mzima ulijua ni nani, kwa sababu ujuzi wa kusikiliza ulikuwa sehemu ya mchezo. Asiyeelewa fumbo alikaa kimya asije akaonekana mgeni.

Mtu akitaka kuona hukumu ya umma ikitolewa waziwazi aende Usukumani. Huko ngoma hugawanyika katika pande mbili za jadi, Bagika na Bagalu, na siku ya mashindano hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na duara lake. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Watazamaji hukimbia kutoka duara moja hadi jingine, na kila mkimbio ni kura. Sikukuu ya Bulabo, karibu na Bujora nje ya Mwanza, imeendeleza desturi hiyo hadi leo, tena chini ya kivuli cha sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi. Mganga wa ngoma anayeona watu wanaanza kugeuza migongo hana budi kutoa kitu kipya papo hapo, nyoka, fisi au kichekesho, la sivyo siku imekwisha.

Serikali ya kikoloni ilipenda njia nyingine. Kuanzia mwaka 1927 Kenya ikawa na mashindano ya muziki yenye majaji, alama na vyeti, na shule zikazoea kungoja tangazo. Njia hiyo ina haki yake, hasa kwa kwaya ya shule ya mbali isiyo na mashabiki mjini. Hata hivyo imewanyang'anya watazamaji kazi yao. Jaji akishasoma alama, mzozo unakuwa juu ya jaji, si juu ya wimbo.

Wimbo wa mwisho nao ulikuwa na wenyewe. Katika makoloni ya Kiingereza picha ya sinema ilipokwisha ulipigwa wimbo wa mfalme, na watu walitarajiwa kusimama. Sherehe rasmi zilifungwa hivyo hivyo. Haidhuru jioni ilijaa nini, kufungia hakukuwa hiari ya bendi. Kwa hiyo uhuru ulipokaribia, suala la wimbo wa taifa lilikuwa pia suala la nani atafunga shughuli. Kenya iliteua tume ya wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Badala ya kutunga mwendo wa tarumbeta kwa kuiga Ulaya, waliuchukua wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, ambao mama humbembelezea mtoto, kutoka kwa Mzee Meza Galana. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 wimbo huo ndio uliosikika Nairobi bendera ya Uingereza iliposhushwa. Bendi za polisi na za jeshi zinaupiga kwa shaba hadi leo. Kwa mtu wa pwani kuna raha ya kipekee kusikia tarumbeta, zilizofika kwake na misheni na manowari, zikipuliza bembelezo la Kipokomo mbele ya marais waliosimama wima.

Frere Town yenyewe haikubaki kijiji cha misheni. Shule ya kufundishia makatekista iliyoanzishwa hapo mwaka 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930, na sasa ni Chuo Kikuu cha St Paul's. James Mbotela, mzawa wa jamii hiyo, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na mwanawe Leonard Mambo Mbotela akawa miongoni mwa sauti zilizojulikana sana katika redio ya Kenya. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, mashua zikapungua, na upande ule wa maji ukaanza kujaa watu kutoka kila pembe ya nchi. Hoteli zikapanda ufukweni.

Hoteli zilileta bendi za aina mpya na wasikilizaji wa aina mpya. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison, ilipata umaarufu katika mazingira hayo kwa Jambo Bwana, wimbo wa Teddy Kalanda uliotoka mwaka 1982; mwaka uliofuata kundi la Boney M la Ujerumani likatoa toleo lake. Mtalii hukaa wiki moja akaondoka. Hana mtaa wa kuutetea wala mpinzani wa kumkumbuka, kwa hiyo kwake wimbo ule ule unaweza kufungulia onyesho Jumatatu na kulifungia Jumanne, bila mtu kuuliza. Bendi iliyozoea wasikilizaji wa namna hiyo hupata mshahara wa uhakika, na hupoteza wakosoaji. Wengi wangeona ni biashara nzuri.

Mashabiki wenye maneno walibaki kwenye taarabu. Miaka ya 1970 Mombasa ilikuwa na pande mbili zisizo na haja ya sare. Juma Bhalo aliimba mashairi ya binamu yake Ahmad Nassir, mara nyingi kwa mahadhi yaliyotokana na filamu za Kihindi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alipiga udi na kuimba tungo nzito, zikiwamo za Ahmed Sheikh Nabhany. Wa upande wa Zein walisema mahadhi ya Kihindi ni ya kuazima. Wa Bhalo wakauliza kama udi nao ulichipuka Lamu, na wakaongeza kwamba machozi hayaulizi mahadhi yametoka wapi. Hoja hizo zilitolewa harusini, kwenye maduka ya kaseti na barazani, na waliozitoa walizijua beti kwa moyo.

Harusini taarabu ina namna yake ya kupiga kura. Mtu akiguswa na ubeti, kwa furaha au kwa sababu ubeti huo unamchoma jirani aliyekaa meza ya pili, huinuka, akatembea kwa madaha hadi mbele na kumtuza mwimbaji. Noti huwekwa mkononi au kwenye paji la uso. Mwimbaji anayejua kazi huurudia ubeti uliotuzwa, na akiona akina mama wanapanga foleni huurefusha wimbo mara mbili ya ulivyokusudiwa, huku mpiga kinanda akimtazama kujua wapi pa kukata. Orodha iliyoandikwa mchana huwa haina nguvu tena. Kuna harusi ambazo wimbo uliotakiwa kufungia haukufikiwa kabisa, kwa kuwa wa kabla yake ulituzwa hadi muda wa ukumbi ukaisha, na upande uliotuziwa ubeti wa mwisho hurudi nyumbani ukijua kwamba wenzao watalijibu jambo hilo kwenye harusi ijayo.